Nataka kunakili Caravaggio kwa rangi za mafuta, nianzie wapi?

kanvasi_tupu: Habari zenu wakuu. Nimetoka kwenye akriliki, sasa naingia rangi za mafuta na nimeamua nijifunzie kwenye kazi moja nzito. Nimechagua picha ya Caravaggio, yule mchoraji Mwitaliano wa zamani, ya Yesu anashushwa kaburini, ya 1603-1604, iko Vatikani. Watu sita wamebanana, mikono, miguu, mikunjo ya nguo, giza nyuma, yaani kila ninachotaka kujua kimo humo. Swali, naweka rangi moja kwa moja au kuna hatua kabla? Na ngozi ya maiti naipataje isiwe kama saruji?

mzee_wa_brashi: Usianze kwenye nyeupe mdogo wangu. Paka kanvasi nzima kahawia ya amba (rangi ya udongo) uliyoilainisha na tapentaini, iache ikauke kabisa. Caravaggio alianzia kwenye kahawia nzito na sehemu nyingine za vivuli aliiacha hivyohivyo ionekane, kwa hiyo we jenga mwanga tu, rangi nzito iende begani, kifuani, kwenye magoti na ile sanda, vivuli viache vyembamba. Finya macho ukiangalia picha, utaona mwanga umeshuka kutoka mikono ya yule mama aliyeinua juu mpaka kwa maiti, huo mteremko ukiupata kazi imesimama.

Bi_Rangi: Naongezea, tabaka za chini tapentaini nyingi, za juu mafuta ya kitani zaidi. Ukigeuza, juu inakauka kabla ya chini halafu inapasuka. Na nyeusi inachelewa sana kukauka, usiitandaze chini, amba inawahi.

nuru_na_kivuli: Mimi kwa kweli nisingeanza na watu wote sita. Kata kipande, pale Yohana alipomshika Yesu mgongoni vidole vikagusa jeraha la ubavuni. Hapo una ngozi hai juu ya ngozi ya maiti, ukiweza hapo umeweza kote. Hata mchoraji Rubens aliinakili hii hii na akabadilisha mpangilio wa watu, kwa hiyo hujafungwa kuifuata nukta kwa nukta.

kanvasi_tupu: Asanteni sana, naanza na hicho kipande. Nyeupe je? Nina ya titani tu.

Bi_Rangi: Inatosha, ila ina nguvu, ukizidisha ngozi inakuwa chaki. Wachoraji wa zamani walitumia nyeupe ya madini ya risasi, ina sumu, achana nayo. Changanya titani kidogo na oka ya njano (nayo ya udongo) na amba, nyekundu tia kwa ncha ya brashi kwenye mkono wa Yohana tu, maiti mnyime.