Sinema ya Jumamosi uani kwa Bibi

Rukia: Asalaam alaikum jamaa. Nakumbusha tena maana naona watu wasoma wapita. Jumamosi baada ya isha, uani kwa Bibi, ukuta nshaupiga chokaa. Nataka kujua leo leo projekta yaletwa na nani, spika na nani, na nani anampokea Ami Said pale feri. Sinema nshachagua, Captain Phillips, ile ya maharamia wa Kisomali walioteka meli ya Marekani

Rukia: Tiki za buluu zimejaa jibu hakuna

Hamisi: Mi naleta kiti na tumbo 😂

Rukia: Hamisi we ndo uko skuli yenye projekta usinichekeshe

Tima: Kwani lazima hiyo? Tuweke Black Panther watoto wafurahi, Lupita yumo

Rukia: Tima hiyo watoto washaiona mpaka wajua nani afa lini. Hii nataka muione kwa macho mengine. Direkta ni Paul Greengrass, stelingi Tom Hanks, sasa wale maharamia wanne angeweza kuchukua waigizaji wowote weusi wa Hollywood akawapaka vumbi akawaambia ongeeni kwa lafudhi, ndo wanavyofanya siku zote. Yeye akaitisha usaili Minneapolis huko Marekani kwa Wasomali wenyewe, wakaja zaidi ya 700, wakachukuliwa wanne walioingia pamoja, marafiki. Barkhad Abdi alikuwa hajawahi kuigiza maisha yake, alikuwa dereva wa limozini

Rukia: Halafu kitu chengine. Greengrass hakuwaruhusu hao vijana kukutana na Tom Hanks. Hata salamu. Wamefanya mazoezi kivyao, siku ya kuvamia chumba cha nahodha ndo wakaonana mara ya kwanza, kamera yapiga. Kwa hivyo ule mshtuko usoni mwa Hanks mwauona mshtuko wa kweli kweli. Na yale maneno ya Abdi nitazame mimi, sasa mimi ndiye nahodha, hayakuwa kwenye skripti, yalimtoka

Hamisi: Rukia nitazame mimi, sasa mimi ndiye mwenye projekta 😂😂😂

Tima: 😂😂😂😂

Juma wa Bamburi: 😂😂 sasa mimi ndiye mwenye mishkaki

Rukia: Haya chekeni. Feri nani anakwenda?

Hamisi: Lakini filamu ni hadithi. Hadithi ikiwa nzuri hata ukiniweka mimi yaenda

Rukia: Haiendi. Chukua Back to the Future. Walimchukua Eric Stoltz wakapiga picha wiki kadhaa, hadithi ni ile ile, maneno yale yale. Direkta wake Zemeckis akakaa kutazama walichopiga akaona huyu mtu mwigizaji mzuri lakini kichekesho kimekuwa kizito kama msiba. Wakamtoa, sehemu zake zikapigwa upya na Michael J. Fox ambaye mchana alikuwa kwenye kipindi cha tivi na usiku ndo aenda kwenye filamu, kijana alikuwa hapati usingizi. 1985 ikawa ndo filamu iliyoongoza kwa mapato Marekani. Kwa kumbadilisha stelingi! Uchungu ni kwa Stoltz lakini direkta lazima awe na moyo huo

Mwanaisha: Hapo sawa

Mwanaisha: Direkta lazima awe na moyo huo. Kama ule wa mchezo wetu wa jukwaani, Harusi ya Zuhura

Tima: Uwiii

Rukia: Mwanaisha tulishayamaliza hayo

Mwanaisha: Nani aliyamaliza? Mimi nimejifunza maneno yote nimeshona mpaka leso ya kuvaa, siku mbili kabla naambiwa we shika taa. Hata huyo Stoltz naamini aliitwa akakalishwa akaambiwa. Mimi niliambiwa na mtoto

Rukia: Ulikuwa wacheka kila ukifika kwa kadhi, watu watakuaminije bibi harusi unalia huku wacheka. Na Tima alipoingia ukumbi mzima ulinyamaza, mwakumbuka nyote

Tima: Mi msinitie

Hamisi: Jamani na ile taa ilishikwa vizuri, haki ya Mungu haikutikisika 😂

Mwanaisha: Hamisi nyamaza

*Ujumbe huu umefutwa*

Rukia: Mwanaisha nitakupigia jioni tuongee. Si hapa. Turudi kwenye projekta

Rukia: Na mwisho wa ile filamu, Hanks akiletwa kwa daktari wa meli ya kivita, yule mwanamke anayempima si mwigizaji, ni mhudumu wa afya wa jeshi la majini hasa. Mara ya kwanza kamera imewashwa aliganda, Greengrass akamwambia fanya kama unavyofanya kazini kwako kila siku. Basi akaanza, niangalie, pumua, damu hii yatoka wapi, kwa sauti ile ile ya kazi, na Hanks pale alivunjika vipande. Mimi kila nikifika hapo nalia. Direkta aliye na staa mkubwa vile akaamua sehemu nzito kuliko zote amkabidhi mtu asiyeigiza, hiyo ndo kazi ya kuchagua

Juma wa Bamburi: Sasa nyama nichukue kilo ngapi?

Rukia: Juma!!

Ami Said: Asalaam alaikum wanangu. Nimesoma tangu juu, miwani ilikuwa imepotea.

Ami Said: Meli ile ya Captain Phillips ilikuwa yuwaja kwetu, na shehena yake chakula cha msaada. Naikumbuka Aprili 2009 ilivyoingia Kilindini, nahodha hayumo, bado wamemshika baharini. Baadaye baadhi ya mabaharia wake walikwenda mahakamani huko Marekani wakidai meli ilipitishwa karibu mno na Somalia na onyo lilikuwepo. Rukia unasifu waliochaguliwa kuigiza, sawa, walifanya vizuri. Lakini direkta huchagua pia nani awe shujaa na nani asimame nyuma ya mlango, na wale mabaharia walisimama nyuma ya mlango.

Ami Said: La pili. Jumamosi uani kwa Bibi huwa yupo Bi Mwanamkuu wa nyumba ya pili. Mwanawe alikaa miezi mikononi mwa watu hao, nyote mwajua alivyorudi. Hiyo bunduki mtamlilizia ukutani?

Rukia: Shikamoo Ami

Ami Said: Marahaba mwanangu.

Tima: Ami shikamoo. Kweli hatukufikiria

Hamisi: Shikamoo Ami

Rukia: Nimekusikia Ami. Bi Mwanamkuu simtoi uani, ni jirani yetu kabla hatujazaliwa. Ila sijasema hatutaitazama kabisa, tutaitazama kwangu siku nyengine

Tima: Basi Queen of Katwe, ile ya msichana wa Uganda bingwa wa sataranji? Lupita yumo pia 😁

Rukia: Hiyo nitaifikiria. Direkta wake Mira Nair ana nyumba Kampala, hakwenda kama mgeni. Yule mtoto anayecheza huyo bingwa, Phiona, ni Madina Nalwanga, walimpata kwenye darasa la kucheza ngoma huko huko Kampala. Mwamuona ashika kete ya sataranji kama mtu aliyelala njaa jana. Lakini mwataka sataranji na kete usiku wa Jumamosi, vijana watasinzia

Juma wa Bamburi: Mi sisinzii kukiwa na mishkaki

Mwanaisha: Mimi naja kwa ajili ya Bibi. Taa sishiki

Rukia: Njoo mapema ukae na mimi

Hamisi: Projekta ya skuli balbu imeungua tangu muhula uliopita nilikuwa natafuta pa kusema

Rukia: HAMISI

Nassor Minneapolis: Salaam, nimeamka sasa hivi. Huku Wasomali wangu wa kazini wako wanaojivunia Abdi mpaka leo na wako wasiotaka hata kuisikia, wasema kila wakiitwa Hollywood ni bunduki tu. Balbu natuma mimi lakini pesa zinaingia kwa Tima si kwa Rukia, sababu mwaijua

Rukia: Sababu gani Nassor? Sema hapa hapa

Tima: Nambari yangu ni ile ile. Feri nani anakwenda?