Moodle: wanafunzi wajiundie makundi wenyewe, inawezekana?

mwl_takwimu
Wakuu, habari za kazi. Kozi ya takwimu mwaka wa kwanza, wanafunzi 118, kazi moja ya makundi ya watu watano watano. CR (mwakilishi wa darasa) anakusanya majina WhatsApp, mimi nayaingiza moja moja kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni. Mengine yanajirudia, mengine hayamo kabisa. Nataka wachague humo humo. Choice nimeijaribu, inahesabu majibu tu.

fundi_seva
Choice ni kura, haigusi makundi. Unayoihitaji ni plagini (programu ya nyongeza) ya Group choice. Haiji na Moodle, anayeisakinisha ni admini wa chuo.

Ikishakuwepo, unda kwanza makundi matupu: nenda kwa washiriki, makundi, halafu kuunda kwa mkupuo. Jina andika "Kundi #". Alama hiyo inageuka namba. Kwenye mgawo wa wanachama chagua kutogawa, la sivyo mfumo wenyewe utawapanga. Hapo chini anzisha grupingi mpya itakayobeba makundi ya kazi hii tu.

Kisha kwenye Group choice ingiza makundi hayo, washa kikomo, weka 5, zima ruhusa ya kuingia zaidi ya kundi moja, weka tarehe ya kufunga.

Usiunde makundi 24. Yanatoa nafasi 120, ziada mbili tu, na marafiki wanne wakichelewa watakuta nafasi mojamoja zilizotawanyika. Unda 26, ukishafunga unganisha yaliyobaki na watu wawili.

makaratasi
Kuchagua ni kazi nyepesi. Balaa liko kwenye mipangilio ya kazi yenyewe. Ukiwasha kuwasilisha kwa kundi bila kutaja grupingi, Moodle inaangalia makundi yote ya kozi. Mwanafunzi aliye Kundi 7 na pia kundi la semina la Jumanne anahesabika yuko kwenye mawili, anatupwa kwenye kundi la msingi pamoja na wote wasio na kundi. Humo wanashiriki wasilisho moja: huyu anapakia, yule anafuta faili akidhani ni la kwake.

Kwa hiyo taja grupingi, na washa sharti la kuwa ndani ya kundi ndipo mtu awasilishe. Fanya hivyo kabla ya kufungua kazi. Mtu mmoja akishawasilisha, kuwasilisha kwa kundi na grupingi havibadiliki tena.

mwl_takwimu
Shukrani. Na admini akigoma kusakinisha?

fundi_seva
Kuna ufunguo wa kujiandikisha wa kila kundi: anayeingia kozi kwa ufunguo wa Kundi 3 anaangukia Kundi 3. Lazima kozi nayo iwe na ufunguo wake, na chaguo la funguo za makundi liwashwe. Ila haiwasaidii waliokwisha kuandikishwa, wala haina kikomo cha watano.

makaratasi
Ukimwomba admini, mtajie na Group self-selection. Hiyo inamruhusu mwanafunzi kuanzisha kundi, kulipa jina na kuliwekea nywila. Kwa watu 118 mimi ningebaki na Group choice, maana majina watakayobuni utayasoma wewe kwenye karatasi ya alama.