Tupeane uzoefu: sukari ilikufanya nini ulipokuwa chuo?

Mlalamaktaba: Wakuu, leo nimemwona kijana maktaba kajiinamia, pembeni soda mbili na biskuti, nikajiona mimi. Wiki za mitihani nilishindia soda ya nusu lita, chakula sikukumbuka. Gego lilianza kupwita katikati ya mtihani, nikasoma swali la kwanza mara nne huku nimekandamiza shavu. Liling'olewa wiki hiyo hiyo. Nani mwingine?

Binti Maabara: Mimi chai. Vijiko vinne kila kikombe.

Msomi Mkongwe: Tusiisingizie sukari. Saa 8 usiku soda ipo, chakula hakipo.

Binti Maabara: Maji yapo, kaka.

Msomi Mkongwe: Maji hayashibishi, dada!

Chumba cha Juu: Na soda inashibisha? Nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, vijiko kama 13. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku asifikishe gramu 50 za sukari. Chupa moja imemaliza hesabu, na tumbo bado tupu.

Acha niseme langu. Mwenzangu wa chumbani alianza kuwa na kiu isiyoisha, usiku anaamka kukojoa mara tano, suruali zinamvuka. Tukasema ni uchovu, tukawa tunampelekea soda apate nguvu. Chupa zilijaa chini ya kitanda. Asubuhi moja anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi, namwita haitiki. Tulimbeba kwa shuka hadi kwenye gari. Kisukari aina ya kwanza. Daktari alitueleza kwamba soda haikumletea ugonjwa, ila kila chupa tuliyompa ilikuwa petroli kwenye moto. Maneno hayo bado ninayo.

Mlalamaktaba: Mungu wangu. Yuko hai?

Njugu Mfukoni: Hameni soda, nendeni juisi.

Binti Maabara: Juisi nayo imo kwenye hesabu ile ile, hata ya tunda halisi. Kula tunda zima.

Njugu Mfukoni: Basi acheni vyote kwa mpigo, kama mimi.

Msomi Mkongwe: Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Ila Chumba cha Juu, hujajibu. Yuko hai?

Chumba cha Juu: Yuko. Anajidunga insulini kila siku, na alihitimu pamoja nasi.