Mnaotafuta mtoto kwa muda mrefu, moyo mnauwekaje? Tupeane uzoefu

Wapendwa, huu ni mwaka wa 5 natafuta mtoto. Dawa na vipimo tumeshaviongea sana, leo naomba tuseme ya moyoni. Kinachoniumiza si siku ya kuona hedhi, ni simu ya shangazi anayeanza na "vipi, kuna habari?" kabla hata ya salamu. Juzi mdogo wangu kajifungua. Nilifurahi kweli, nikampakata mtoto, halafu nikaingia bafuni nikafungulia maji wasinisikie nikilia. Nani mwingine yamemkuta?

Subira: Pole mwaya. Mimi ninaye mmoja, basi kila nikilia naambiwa nishukuru. Nashukuru kila siku, lakini baada yake zimeharibika mimba 3, na hizo hakuna anayezihesabu.

Kaka Mkubwa: Dada, hili sijawahi kulisema mbele za watu. Miaka 2 mke wangu alipigwa picha za mirija, akameza dawa, akaitwa mgumba na mama yangu mzazi nikiwa nimekaa pale pale. Nikanyamaza. Mimi sikuwa nimepima chochote. Daktari aliponibana, majibu yakaja: mbegu chache mno, na nyingi hazitembei. Nilikaa kwenye gari na ile karatasi mpaka giza likaingia. Nilipomwambia mke wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama utamwambia lini?" Ilinichukua miezi 3, na hiyo miezi 3 ndiyo ninayoijutia kuliko yote.

Tumaini: Nimepandikizwa mimba hospitali mara 2. Sindano za tumboni unazizoea. Zinazotafuna ni zile wiki 2 za kungoja kipimo cha damu baada ya kuwekewa kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa), kila kichomi unakipa maana. Mara ya kwanza haikushika. Nesi alisema "pole" akakata simu. Ni msiba, ila hakuna anayekuja kukuhani, maana hukumwambia mtu. Siku hizi tumekubaliana na mume wangu: jibu likiwa baya, siku 3 hatugusii hatua inayofuata. Tunalia kwanza.

Mwanzisha mada: Kaka, nimemsomea mume wangu maneno yako. Amekaa kimya muda mrefu, kisha ameuliza mtu anajiandaaje na hicho kipimo cha mbegu.

Kaka Mkubwa: Kabla ya kipimo akae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa wala kutoa mbegu kwa njia nyingine, basi. Na wewe nenda naye, dada, asikae peke yake kwenye benchi.