Joto kuu na baridi kuu ya kamera obitini: nitafuteje?

mtoto_wa_barani: Salamu wakuu. Niko nyumbani Malindi na modeli ya joto ya kamera itakayofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Natafuta hali ya joto kali kuliko zote, na ya baridi vilevile. Vigeugeu ni vingi: pembe ya beta (kati ya miale ya jua na bapa la obiti), nguvu ya jua, mkao wa kituo, rangi ikishachakaa. Simulesheni moja inakula nusu saa, na stima ya huku mwaijua. Nafikiria nichukue beta 75 na jua la 1,414 W/m², niite hiyo joto kuu, yaishe. Yafaa?

jomvu_2: Tupia algoriti ya kijenetiki, ile inayochanganya majibu bora kizazi kwa kizazi, nenda ukalale.

dada_redieta: Mdogo wangu, usiiwashe bado. Hiyo 75 na hiyo 1,414 hazikutani. Mwinamo wa obiti kutoka ikweta ni nyuzi 51.6, kwa hiyo beta hufika +75 karibu na Juni tu, na wakati huo Dunia iko mbali na jua: utapata 1,320 na kitu. Jua la 1,414 ni la mapema Januari, na majira hayo beta kubwa ni ile ya hasi. Ukiipa algoriti beta na jua kama vitu viwili huru, itakuletea siku isiyokuwepo kwenye kalenda, tena kwa madaha. Ipe tarehe na nodi ya obiti (pale inapokata ikweta), hayo mengine iyakokotoe.

Halafu kamera inatazama wapi? Hujasema. Uso unaotazama juu hupata wastani wa kama 430 W/m² beta ikiwa sifuri. Kwenye 75 hushuka hadi kama 110. Ubavuni ni kinyume: kwenye 75 kituo hakiingii kivulini kabisa, ubavu mmoja unapigwa na zaidi ya 1,250 mfululizo, wa pili hauoni jua hata chembe. Lenzi ina joto kuu lake, betri ina lake. Mimi huitafutia kila sehemu peke yake.

mtoto_wa_barani: Redieta, bamba la kutoa joto la kamera, iko ubavu wa kushoto, dada. Sasa algoriti ipi?

dada_redieta: Basi alama ya beta, chanya au hasi, ndiyo kesi yako: upande mmoja itaungua, upande wa pili itaganda. Algoriti yoyote isiyong'ang'ania mahali pamoja. Mvuvi anayepima kina kwa upondo, akisogea tu kule unakozama zaidi, ataishia kwenye kishimo cha pwani akidhani ndio mkondo. Tawanya simulesheni chache kote, zijengee modeli nyepesi ya makadirio, algoriti ihangaike na hiyo. Washindi wachache warudishe kwenye modeli kamili. Namba za makadirio zisiingie kwenye ripoti.

ngomeni_juu: Wenzenu wa Uhuru, setilaiti iliyorushwa hapa kwetu 12 Desemba 1970, walikuwa na nafuu. Mwinamo wa kama nyuzi 3, beta haivuki 27.

dada_redieta: Nafuu ya hesabu, ndiyo. Lakini kwa beta hiyo kila mzunguko unaingia kivulini, na betri ndiyo inayolipa.

mtoto_wa_barani: Nabadilisha vigeugeu sasa hivi, kabla stima haijaenda.