Mrejesho: Kipoozeo cha maji cha kompyuta kilichokuwa kikilia

Jamaa, ahsanteni. Niliuliza kwa nini prosesa (chipu kuu ya kompyuta) inagonga nyuzi 95 nikitengeneza video, na pampu ya kipoozeo inalia kama buruma la kiko, ilhali kipoozeo ni kipya.

Aliyesema ni hewa iliyonaswa kwenye pampu kapatia. Fundi alifunga rejeta (sehemu yenye feni inayopoza maji) chini ndani ya kasha la kompyuta, kwa hiyo pampu ndiyo ikawa juu kuliko vyote, na hewa hukimbilia juu. Tumeihamishia rejeta kwenye dari la kasha, tukaliinamisha huku na huku likiwa limewashwa. Kimya!

Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) pampu nimeiachia mwendo mmoja, na feni zinafuata joto la maji. Zikifuata la prosesa hupanda na kushuka ovyo kila ukifungua programu, kero tupu.

Sasa prosesa inafika nyuzi 78. Zile nyuzi 60 wanazozionyesha kwenye video za Ulaya nimeziaga, kwani maji hayapoi chini ya joto la chumba, na kaskazi hii ya Chake Chake chumba changu kina 32.

Aliyeshauri nifungue niongeze maji: hiki kimefungwa kiwandani, ndugu yangu, sikigusi.