Nembo ya kituo imeganda kwenye runinga ya plasma: inatoka au kioo ndiyo basi?

kiwambo50: Wakuu, runinga ni plasma ya inchi 50, iliachwa kwenye kituo kimoja cha habari kwa miezi. Sasa nembo na ule ukanda wa maandishi wa chini vinaonekana hata ukihamia kituo kingine, hasa kwenye picha ya rangi moja kama anga au uwanja wa mpira. Fundi anasema tubadilishe bodi. Ni kweli?

solda_moto: Usinunue bodi, mkuu. Bodi haina pa kutunzia picha ya jana. Badili ukubwa wa picha kwenye menyu ya runinga yenyewe. Kivuli kikikua pamoja na picha, kinaletwa na king'amuzi. Kikibaki palepale, ni kioo.

Halafu kuna kuganda kwa aina mbili. Kwanza ni chaji inayobaki ndani ya vyumba vya gesi: picha zinazosogea huifuta kwa dakika kadhaa au saa chache. Ya pili ni uchakavu. Kila pikseli ina vyumba vitatu, chekundu, kijani na bluu. Gesi ya neoni na zenoni ikipigwa umeme hutoa miali ya urujuanimno, nayo huwasha fosfori, yaani unga unaotoa mwanga wa rangi ndani ya kila chumba. Fosfori iliyowashwa kupita jirani zake hufifia mapema, na nembo nyeupe huwasha zote tatu kwa pamoja.

Ili kujua, weka kwenye flashi picha tano za rangi tupu: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Zima taa za chumba, zitazame moja moja. Nembo ikionekana nyeusi kidogo kuliko pembeni yake, na kesho yake bado ipo, huo ni uchakavu.

kiwambo50: Nimejaribu. Kwenye bluu na nyeupe inaonekana wazi, kwenye nyekundu kwa shida sana. Siku ya pili, vilevile.

pau_nyeupe: Basi ni uchakavu, na hakuna dawa ya kuirudisha fosfori. Kinachowezekana ni kuzichosha zile nzima zikaribiane na zilizochoka, kwa hiyo kila saa ya "matibabu" unailipia kwa mwangaza wa kioo kizima. Kwenye LG tafuta "White Wash" ndani ya ISM (menyu ya kupunguza kuganda kwa picha), kwenye Panasonic "Scrolling bar", kwenye Samsung "Scrolling". Shusha kontrasti hadi nusu kwanza, endesha saa moja au mbili, zima ipoe, kagua kwa zile picha tano. Ukifika saa kumi jumla bila nafuu, acha. Katuni za skrini nzima hufanya karibu kazi hiyohiyo, tena polepole na bila kuumiza macho.

Wapo wanaotengeneza picha kinyume: nembo nyeusi, kwingine kijivu. Sishauri. Ile kazi ya kusogeza picha kidogokidogo ikiwa imewashwa, au picha ikikosa kulingana kwa pikseli chache tu, unapata mpaka mkali unaoonekana kuliko nembo yenyewe.

dada_fosfori: Nyongeza: pau nyeusi za pembeni kwenye picha za 4:3 (umbo la runinga za zamani) nazo zina madhara, ila kinyume. Katikati panachoka, pembeni panabaki papya, na kwenye nyeupe tupu pembeni panang'aa zaidi. Chagua pau za kijivu au tanua picha. Hali ya "Vivid" au "Dynamic" ondoa kabisa, tumia ya sinema.

Na kama fundi atahamia kwenye kubadilisha kioo: Panasonic waliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Utapata cha runinga iliyokufa tu, chenye namba ileile ya paneli. Nyuma yake kuna lebo yenye volti za Vs (ya kuendeleza mwako wa vyumba) na Va (ya kuchagua vyumba vya kuwaka), na pawasaplai lazima irekebishwe kufuata lebo hiyo, siyo ya kioo cha zamani. Vs huwa karibu volti 200, na kapasita hubaki na chaji hata waya ukichomolewa, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kugusa.